Nasubiri Wanifukuze

Jumatatu, 7 Juni 2021

Mimi, Donato Cerbone, ni raia kamili wa Uingereza tangu mwaka 1969. Niliapa mbele ya hakimu mwenye nywele za bandia, na nilipomaliza, hakimu akasema hajawahi kusikia kiapo kitamu namna ile.

Uongo. Sijaapa popote. Hakimu nimemwona kwenye televisheni tu. Hadithi hiyo nimeisimulia klabuni miaka hamsini, na marehemu mke wangu Filomena aliiamini mpaka anakufa – au alijifanya. Na leo naidanganya hata karatasi ambayo hakuna atakayeisoma! Nilikuja hapa Bedford nikiwa Mtaliano wa miaka ishirini, kuchoma matofali. Nina themanini na nne. Mtaliano vilevile.

Sasa Waingereza wamejitoa kwenye Umoja wa Ulaya, na sisi tuliotoka huko tunatakiwa kuomba haki ya kukaa. Mwisho tarehe thelathini mwezi huu. Klabuni hakuna mazungumzo mengine. Gerardo akaniuliza, vipi, umeomba? Huyu tulilala vitanda jirani kwenye hosteli ya kiwanda, sasa tunakaa viti jirani. Nikamwambia raia haombi, raia anaombwa. Akanitazama. Akamalizia kahawa yake.

Sijaomba. Na siombi!

Jumatano, 9 Juni

Nitaandika ukweli mara moja, halafu nirudi kwenye tabia yangu.

Nataka wanifukuze.

Nikisema mwenyewe narudi Serravento, kijijini kwetu Italia, binti yangu Assunta atalia. Na Filomena nitamwambia nini? Nilimwahidi sitamwacha peke yake kwenye udongo huu ulioloa mwaka mzima. Jiwe letu la kaburi ni moja, kama ilivyo desturi yetu. Picha yangu imeshabandikwa ubavuni mwa yake, nina masharubu meusi, kijana wa kutisha. Limebaki pengo la tarehe tu.

Lakini serikali ikinifukuza? Nani atanilaumu? Mzee wa watu, kashikwa mkono, katiwa kwenye ndege. Nitalia kidogo mlangoni, kwa adabu. Kisha nitaamka kwetu.

Ah, asubuhi ya kwetu! Moshi wa kuni za mwaloni, mkate, mavi ya mbuzi – vyote pamoja, ukivitenganisha si kitu. Na chemchemi chini ya kanisa. Maji yake baridi mpaka yanauma meno. Meno sina, lakini yataniuma tu.

Jumapili, 13 Juni

Nimekwenda makaburini. Mvua. Nilimsimulia Filomena habari za nyanya zangu na mguu wangu. Lile jambo sikulitaja. Picha yangu ilikuwa inanicheka.

Alhamisi, 24 Juni

Gerardo ni mmbea! Mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, tangu hosteli.

Amemwambia Assunta. Nimefungua mlango nikamkuta binti amesimama na koti lake la kazini, mikono kiunoni – mama yake mtupu.

– Baba, wewe ni raia au si raia?

– Inategemea nani anauliza.

– Ninauliza mimi!

– Basi kidogo.

– Kidogo vipi? Uraia ni kama chumvi?

Nikamwambia niko hapa toka kabla mama yake hajavuka, nimelipa kodi, nimevuta matofali ya moto kutoka tanuruni mpaka kucha zikabadilika rangi, kwa nini niombe? Akasema ndiyo maana watakupa, baba, ni dakika kumi tu kwenye simu. Nikasema sina dakika kumi. Akacheka kwa hasira, hivyo anavyocheka. Atarudi Jumapili na simu.

Zamani nilikuwa nikihama chumba naenda polisi kujiandikisha. Polisi mwenyewe alikuwa mnene, ananiita Dan. Leo hata wa kukukosea jina hakuna. Simu.

Jumapili, 27 Juni

Nimeshindwa vita. Niandike nilivyoshindwa.

Assunta aliikuta pasipoti yangu ya Italia kwenye droo ya soksi. Simu ikainusa, ikaikubali. Ikataka namba yangu ya kazi, ile niliyopewa mwaka hamsini na saba. Mara moja ikasema: tunamjua huyu. Miaka yote wananijua! Serikali inanifahamu kuliko padri wangu.

Ikabaki picha ya uso. Nikafumba macho. Simu ikakataa.

– Fumbua macho, baba.

– Nimelala.

– Baba!

– Nakoroma.

Tukakaa hivyo. Nikajua nimemweza. Halafu akasema polepole, kama anaongea peke yake, eti ameambiwa Serravento wameikata miti yote ya pale kwenye uwanja wa kanisa wakajenga kituo cha mafuta.

– Nani kasema!

Macho yakawa kama mayai. Simu ikalia, tayari. Assunta akasema ametunga tu, baba, samahani, mashavu mekundu kwa kicheko. Amejifunza wapi huyu mtoto kudanganya watu? Najua wapi.

Lakini kicheko chake kilikatika ghafla. Alikuwa anaitazama ile picha. Akauliza, mbona macho yako yana maji? Nikasema vitunguu. Hatukuwa tumekata kitunguu chochote.

Jumatano, 30 Juni

Wanaweza kunikataa bado. Watu wanakataliwa. Nimefungasha sanduku, nimelisukuma chini ya kitanda. Mashati mawili, viatu vya Jumapili, ufunguo wa nyumba ya mama.

Alhamisi, 1 Julai

Nimevaa suti, nimekaa dirishani tangu asubuhi. Nilidhani maofisa watakuja wawili, wapole, vijana. Ningewapa kahawa. Ningewaambia, fanyeni kazi yenu wanangu, sina kinyongo.

Amekuja mtu wa posta. Amekuja paka wa jirani. Mchana amekuja Gerardo, akaniona na tai, akauliza nani kafa? Nikasema hakuna. Akauliza basi nani anaoa? Nikamfungia dirisha.

Jioni nimevua suti. Hawaji.

Ijumaa, 9 Julai

Wamenikubali.

Assunta alipiga simu akiwa analia kwa furaha. Haki ya kukaa daima! Nikamwambia niletee hiyo karatasi, niione. Nilitaka niichane. Akasema hakuna karatasi, baba, iko ndani ya simu. Mwizi gani huyu asiyeacha hata karatasi? Haichaniki!

Akaja na keki. Akanisomea yote, maana maandishi yao ni madogo. Naweza kukaa. Naweza kutibiwa. Pensheni yangu iko palepale. Halafu akasoma jambo jingine, akarudia: naweza hata kutoka nje ya nchi mpaka miaka mitano mfululizo, na nikirudi haki yangu ninaikuta.

– Umesikia, baba? Miaka mitano! Unaweza kwenda kwenu ukae, ukichoka urudi. Hakuna wa kukuzuia.

Nikasema keki ina sukari nyingi.

– Baba, miaka yote unasema ungekwenda lakini mama. Halafu ungekwenda lakini karatasi. Nenda! Mama nitakuwa nampelekea maua mimi.

Kumbe alikuwa anasikia. Kila nilipolilia kwetu pale jikoni, nikidhani nasema na kahawa, alikuwa anasikia.

Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 19 Julai

Sifikiri. Namwagilia nyanya.

Jumanne, 24 Agosti

Gerardo anakwenda Serravento kwa gari, na mwanawe ndiye dereva. Wanakwenda kuvuna zabibu za shemeji yake. Chanjo za korona wamechoma zote, kama mimi. Kiti cha nyuma kitupu, akasema, ni chako, hakuna mzigo utakaokaa pale. Klabu nzima ikapiga meza. Donato! Donato! Hata Waingereza waliokuja kutazama biliadi wakapiga meza, hawajui kwa nini.

Nikasimama nikainama kama mwimbaji. Nikasema wasichana wa Serravento wajifungie ndani. Wakacheka sana.

Wasichana wa Serravento! Wengi wako makaburini, wa kunisubiri wamebaki wachache.

Nilikwenda mara ya mwisho na Filomena, mwaka tisini na nane. Baa ya uwanjani walikuwa wanabishana kwa sauti, lugha yetu ile ya kijijini, tamu, ya matusi. Nilipoingia wakanyamaza. Halafu kijana mmoja akaniuliza nitakunywa nini, polepole, neno moja moja, kwa Kitaliano cha shuleni. Kama anavyosemeshwa mtalii! Nikamjibu kwa lugha yetu. Akacheka, akawaambia wenzake, sikieni, anaongea kama babu yangu.

Hayo sikumwambia Filomena. Alikuwa nje, anapiga picha chemchemi.

Ni miaka ishirini na tatu sasa. Tangu hapo kila usiku nakwenda Serravento, najua kila jiwe la njia, na hakuna anayeninyamazia. Kule ninakokwenda usiku mama ameweka sufuria motoni. Gari la Gerardo halifiki huko.

Jumapili, 5 Septemba

Nimemwambia Filomena. Nimemwambia yote, mpaka habari ya hakimu. Nilikaa pale mpaka suruali ikaloa.

Alhamisi, 9 Septemba

Assunta amenipigia pasi. Amenunua soksi mpya, dawa za presha za miezi mitatu, na mto wa shingo unaofanana na utumbo. Anaimba jikoni. Nilimuuliza, utafurahi nikienda? Akasema atakosa usingizi, lakini hataki tena kuniona nimekaa dirishani na suti kama mtu anayesubiri treni isiyokuja.

Jambo la suti nilidhani siri yangu. Gerardo tena! Mmbea wa kuzaliwa.

Ijumaa, 10 Septemba

Alfajiri. Sikulala. Sanduku liko mlangoni. Naandika nimevaa kofia.

Nataka kwenda kweli. Nikikaa nyumbani hapa, nitakufa nikiitaka ile asubuhi. Nikienda nitaikuta si ile, na usiku sitakuwa na pa kwenda tena. Ndilo jambo zima. Nimeliandika sasa, litazame lilivyo dogo.

Honi! Wamefika. Assunta ameshatoka na mto wa shingo, anacheka nao barabarani. Gerardo ameshuka, anakuja na fimbo yake, anajipangusapangusa kama bwana harusi. Atagonga. Assunta bado yuko garini, hatasikia.

Gerardo, mshenzi wee, bado hujagonga, ngoja niipange hotuba yangu hapa kwanza. Unakumbuka mwaka hamsini na nane? Ulipotoroka siku tatu kumfuata yule msichana wa Peterborough? Nani alijaza mito kitandani mwako? Nani alimwambia msimamizi una homa ya kuambukiza, asiusogelee mlango? Niliapa kwa mama yangu. Ungefukuzwa kazi, ungerudishwa kwenu kwa meli, na yule msichana usingemwoa. Sijawahi kukudai. Leo nadai.

Anagonga.

Uongo mmoja tu, Gerardo, mdogo. Geuka umwambie binti yangu kwa sauti kubwa, asikie vizuri, kwamba gari limejaa.