Taa Uliyoizima Baba Dogo

Kaka Wafula,

Nasikia huko Webuye unachunga ng'ombe wa mjomba na hutaki hata kuona spana. Vizuri. Mikono yako haikustahili kugusa kitu chenye magurudumu. Usidhani nakuandikia kukufariji. Wafariji ulikuwa nao tele siku ya matanga ya Mama, wakikushika bega na kukuletea chai, kana kwamba wewe ndiwe uliyelala kwenye jeneza.

Unakumbuka gereji yetu ya mtaani Baba Dogo? Mimi nilikuwa nauza vipuri pale dirishani, na jioni nasomea ufundi. Wewe hukusomea popote, ulijifunza kwa kusikia tu. Ulikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na wateja walifuata mdomo. Nilikupenda, tena sana, na bado nilikuwa natamani siku moja uanguke mbele ya watu.

Jumamosi ile, mwaka mmoja kabla ya mvua ya El Nino, tuliletewa pikapu nyeupe. Taa nyekundu ya breki ilikuwa haizimi. Uliinama chini ya boneti, ukachomoa waya wa sensa ya presha, taa ikazima. Ukapiga makofi.

"Si mnaona? Sensa imekufa. Stori imeisha."

Nikakuambia, "Kaka, hiyo sensa inalinganisha presha ya breki za mbele na za nyuma. Ukichomoa waya taa ikazima, umejua tu kwamba sensa ndiyo inayowasha taa. Hujajua kama inadanganya. Pima presha kwanza."

Ulinigeukia mbele ya watu. "Siste, kwani breki ulisomea Sunday school?"

Walicheka wote. Hata mama aliyeuza mahamri pale nje alicheka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimhifadhia jiko lake kila usiku. Ukaufunga ule waya kwa tepu nyeusi, mwenye gari akakuachia ufunguo hadi Jumatatu.

Unawaambia watu ajali ile ilikuwa kazi ya shetani. Shetani hakuchomoa waya, Wafula. Asubuhi ya Jumapili ulipakia magunia matatu ya mahindi ya sadaka ya mavuno kwenye gari la wenyewe, ukamketisha Mama mbele na kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, ukasema unalijaribu njiani. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni ulikanyaga breki hadi chini na gari halikusikia. Mama hakutoka mzima; wewe ulitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Natumai unaliona kovu lake kila unaponyoa.

Hayo yote unayajua. Sasa soma usilolijua, usome ukiwa umeketi.

Jumamosi ile, mkiwa bado mnacheka, nilizunguka nyuma ya pikapu nikapitisha kidole ndani ya gurudumu la kushoto. Kikatoka kimelowa. Nikakinusa. Yalikuwa mafuta ya breki, Kaka; breki za nyuma zilikuwa zinavuja. Sensa ilikuwa nzima, ikisema kweli tangu asubuhi. Nilifungua mdomo kukuita, nikasikia tena kile kicheko, nikajifuta kidole kwenye rinda langu nikaenda zangu dirishani.

Nilijiambia breki za mbele zinatosha. Nilijiambia gari litakuponyoka kidogo mahali, utashtuka, utarudi umenywea, nami nitakuuliza mbele ya wateja walewale ulisomea wapi. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Usiku ule nililala vizuri.

Na asubuhi nilikuwa mlangoni. Niliyaona magunia. Niliona gari lilivyoinama nyuma kwa uzito, na mwanafunzi wa ufundi yeyote angejua breki za mbele peke yake hazitauzuia mzigo ule mteremkoni. Nilijua. Ningesema neno moja tu, lakini wewe ulichungulia kwenye dirisha la gari ukanitania, "Fundi wa Sunday school, tukuombee?" Mama akacheka kidogo. Nikalimeza lile neno.

Kwa hiyo rudi ushike spana ukitaka, au baki na ng'ombe wako. Sikusamehe, na sikuombi unisamehe. Miaka yote hii nimekuacha ubebe jeneza peke yako kwa sababu ilikuwa rahisi, na ulibeba vizuri.

Mama alinipungia mkono gari likiondoka. Nami nilimpungia.

Ni mimi mdogo wako, niliyenusa kidole,
Nekesa