Wafalme Wawili, Tisa Mbili na Ree

Mulamu Hezron,

Hukushindwa siku ile. Nimekuficha neno hili tangu ungali hai. Nilikaa nalo mstari wa mbele siku ya mazishi yako, nikatupa udongo kaburini nikiwa nalo mdomoni. Mkono ule wa karata ulikuwa sare. Kila mtu alipaswa kuondoka na chake, nawe ulipaswa kurudi Msangano na maksai wako wawili.

Naandika nikiwa nimeegemea mito. Ananiuguza Tabitha, dada yangu, mke wako, aliyetufanya tuitane mulamu. Moyo umechoka na daktari hakunificha. Nikiandika mistari michache inabidi nipumzike, kwa hiyo nivumilie. Ulikuwa mvumilivu kuliko mimi, ingawa hakuna aliyekusifu kwa hilo.

Ule ua wa nyumba ya wageni hapa Tunduma, pale madereva walipokuwa wakingoja foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, umebomolewa. Siku hizi pana vibanda vya simu. Wapita njia hawajui kwamba hapo ndipo madereva walipotufundisha mchezo: kila mtu na karata zake mbili za siri, tano zinawekwa katikati kwa ajili ya wote, kisha kila mmoja anatafuta tano bora katika hizo saba. Kwa kuwa walikuwepo Wazambia, Wakongo, Wanyiha na sisi Wanamwanga, na kila mmoja alikuja na ubishi wa kwao, mliamua awepo msomaji mmoja asiyecheza, wa kutangaza nani kashinda. Mkanichagua mimi kwa sababu nilifundisha hesabu. "Mwalimu akisoma, imesomwa." Anayebisha anawanunulia wote soda na hachezi tena siku hiyo.

Nilikipenda kiti kile, mulamu. Shuleni watoto walinisikiliza kwa kuogopa fimbo. Pale watu wazima wenye malori walinyamaza nikikohoa tu.

Mchana ule mlibaki wewe na Mulenga, mnunuzi wa mahindi kutoka Nakonde. Maharage tuliyohesabia dau yalikuwa yamekuishia, ukasema, "Weka maksai wangu." Mulenga akaweka pikipiki yake. Mtu mmoja akakutania, "Hezron, msimu huu utamfunga plau mkeo?" Ukamjibu, "Nitalimia pikipiki." Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, na aliyetaniwa ni dada yangu.

Katikati palikuwa na wafalme wawili, tisa mbili, na ree, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ulifunua saba mbili, ukatabasamu kama mtu mwenye pea tatu, kumbe mchezo ule haujui pea tatu. Mulenga akafunua malkia na nne. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani: "Wote wana wafalme na tisa. Malkia anazizidi saba. Mulenga."

Wafalme wawili, tisa mbili, ree. Tano zimetimia hapo, na zilikuwa zenu nyote wawili sawasawa. Malkia wa Mulenga hakuwa na pa kukaa, wala saba zako. Watu wetu walikuwa na ugonjwa huo, walidhani karata ya mkononi lazima iwe na kazi kwa sababu tu wameishika. Nami ndiye niliyekuwa nikiwakaripia kila mara: acheni kutazama mkononi, tafuteni tano bora.

Dereva mmoja Mkongo akasema, "Mwalimu, rudia kidogo." Uliyemnyamazisha ni wewe. Wewe, uliyekuwa unapoteza. "Dereva, nunua soda ukae. Huyu mulamu wangu hakosei hesabu."

Nikazikusanya karata, nikazichanganya.

Mvua ziliponyesha ulilima kipande kwa jembe la mkono, kikakushinda, ukaja Tunduma kubeba magunia mpakani. Mengi yalikuwa magunia ya Mulenga. Mgongo ulianza, kifua kikafuata. Karata hukuzigusa tena, na mimi, mzee wa kanisa, nilisimama mbele ya waumini nikasema Bwana asifiwe, Hezron ameacha kamari. Ulikuwa umekaa nyuma, ukikohoa ndani ya leso. Ulinitikisia kichwa kwa shukrani. Kitikiso kile... basi, niache kwanza.

Mulenga alikuja msibani na unga, akalia mbele za watu bila aibu. Nilimwonea wivu. Yeye alichukua alichosomewa, na hana kosa.

Matanga yalipokwisha nilimwambia Tabitha. Nilimwambia nilijua kuwa ni sare, na kwamba nilimpa Mulenga kwa makusudi, ili uumie mara moja uachane na karata kabla hujaliweka dau na shamba lenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Nilitazamia alie, halafu anishukuru. Akasema, "Kaka, kwa hiyo ulitunyang'anya ng'ombe ili umtie mume wangu adabu. Na adabu yenyewe ikamwua." Akaendelea kuchambua.

Tangu hapo ananihudumia kama mhudumu wa wodini. Uji kwa wakati, dawa kwa wakati, neno hakuna. Mwanao mkubwa bado analima kwa jembe la mkono, na akija kunijulia hali anasimama mlangoni. Chuki yao naistahili, lakini ukweli ni kwamba nimeizoea, hata inanifaa. Katika hadithi niliyowapa mimi ni mtu mbaya, ila ni mtu mbaya anayejua afanyalo. Mwalimu bado ni mwalimu. Nimekaa ndani ya hadithi hiyo kama mtu aliyekaa ndani ya koti la marehemu.

Pumzika, mulamu. Tukikutana huko sitakuomba unipishe nikae karibu nawe. Chagua mwenyewe pa kukaa. Lakini nakuahidi jambo moja, na nitalitimiza leo kabla jua halijazama, kwa sababu kesho si yangu. Nitamwita Tabitha na mwanao waketi wote wawili, niwaambie kwa kinywa changu ninachokuandikia hapa, kwamba sikukusudia kukuponya na kamari, wala sikuwa na mpango wowote juu yako. Nilikosea kusoma. Na dereva aliposema nirudie, niliiona ree, nikalijua kosa langu, karata zikiwa bado mezani na mikono yangu haijazigusa.