Karatasi ya Sigara Kwenye Fyuzi ya Kaka Yako

Msamala, Songea

Kwako mwanangu Somoe,

Assalaam aleikum. Najua ungekuwa hapa ungeanza wewe na shikamoo, basi marahaba mama, marahaba ya mbali. Tumbo linakuendeaje? Miguu bado inavimba? Usinyanyue ndoo kubwa, mwambie mumeo achote yeye, kisima hakiulizi mwanamke wala mwanamume. Na mikorosho imeanza kutoa maua, au ule ugonjwa wa unga mweupe umerudi? Sisi huku wazima, ila uzima wa kaka yako Rashidi ni wa mkono mmoja, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, soma polepole.

Nimesikia maneno yamefika mpaka huko Tunduru, kwamba Rashidi aliangusha gari kwa sababu ya kulewa ulanzi. Sasa lisikie kutoka kwangu, maana nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Ile pikapu aliyoacha marehemu baba yako imezeeka kuliko wewe. Taa kubwa zikawa na mchezo, zinawaka vizuri, mkiruka tuta zinazima. Rashidi akaipeleka kwa fundi mmoja wa hapa hapa mtaani, Mngoni, anaitwa Zenobi. Zenobi akafungua kile kiboksi cha fyuzi chini ya usukani, akatoa iliyoungua, akaweka mpya. Siku mbili, imeungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Mara ya tatu akainama humo kidogo tu, akatoka anapangusa mikono.

"Mama, hii sasa haiungui tena mpaka uzeeke."

"Mimi nimeshazeeka, fundi," nikamwambia. Tukacheka. Nilicheka naye, Somoe, hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri kwenda Madaba kuchukua viazi vya wafanyabiashara. Barabara ile ukungu wake unaujua, kama umefunikwa shuka usoni. Kabla ya kona nikasikia harufu ya plastiki inaungua, kutazama, moshi unatoka chini ya usukani. Taa zote mbili zikafa kwa pamoja. Kona iko mbele na hatuioni. Gari ikaingia mtaroni ikalala ubavu. Mimi nilichubuka goti tu. Kaka yako mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili, na ulivyounga umeunga vibaya, vidole viwili havikunjiki.

Hata hatujatoka hospitali, Zenobi akaona watu watauliza gari ilitoka mikononi mwa nani, akawahi yeye kusema. Kila anayepita gerejini anaambiwa, "Ile gari niliiacha nzima kabisa. Kijana alipitia kilabuni." Rashidi huyu, ambaye hata togwa anainusa kwanza isije ikawa imechacha. Wenye viazi wakaacha kutupatia mzigo. Msikitini mtu akamwambia mwanangu atubu.

Pikapu tukaivuta mpaka kwa mzee mmoja wa Kinyasa, fundi waya, mtu wa maneno machache. Nikakaa juu ya ndoo namtazama. Akachomoa fyuzi ya taa, akaigeuza geuza, akanionyesha. Ilikuwa imeviringwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara.

"Nani kafanya hivi?"

Nikamtajia.

"Fyuzi kazi yake ni kufa yeye ili waya zipone," akasema. "Ikikufia mara mbili inakuambia kuna waya unagusa bati. Unaacha kubadilisha fyuzi, unatafuta waya. Huyu kaifunga mdomo, umeme ukapita kwenye karatasi, ndiyo zikaungua waya zenyewe."

Akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye fyuzi mpaka mbele. Nyuma ya taa ya kulia plastiki ilikuwa imelika, shaba inaonekana, na kila mkiruka tuta inagusa bodi. Akasema hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa na utepe. Nusu saa, Somoe. Mkono wa mwanangu ulikuwa wa nusu saa.

Sikwenda kugomba. Zenobi nikikutana naye njiani namsalimu, namuuliza watoto. Nikangoja mpaka akafiwa na baba yake mdogo.

Unajua sisi Wayao na Wangoni ni watani, msiba wao hauendi bila sisi. Nikapaka majivu usoni, nikaviringa karatasi za sigara kwenye vidole vyote kumi, nikaenda. Watu waliniona wakacheka machozi hayajakauka. Majembe ya kuchimbia kaburi yalikuwa yamelazwa uani. Nikayakalia.

"Kaburi halichimbwi," nikasema, "mpaka mtani wangu Zenobi anikomboe."

Akaja na noti mkononi, anatabasamu. "Inuka, Myao, kwa uzito huo utatuvunjia mipini."

"Rudisha hela yako, Mngoni. Mimi nataka neno tu. Kwenye fyuzi ya mwanangu uliweka nini?"

Tabasamu likamkauka. Akawatazama wazee wake. Mtani hakasirikiwi, na haondolewi kwa nguvu, na maiti ilikuwa ndani inangoja. Mzee mmoja wa kwao akamwambia, "Mkomboe mtani wako, jua linapanda."

Akasema chini chini, "Karatasi."

"Marehemu hajasikia. Karatasi ya nini?"

"Ya sigara."

"Na mwanangu alikunywa nini?"

Hapo hata waliokuwa wanacheka waliacha. Zenobi akaikunja ile noti, akairudisha mfukoni.

"Hakunywa kitu. Nilisema uongo."

Nikainuka, nikampa jembe kwa mkono wangu.

Nusu ya mtaa walikuwepo, na wenye viazi wawili. Mmoja alikuja nyumbani wiki hiyo hiyo, mzigo tumepata, gari anaendesha mtu mwingine na Rashidi anakaa pembeni mpaka mkono upate nguvu. Gerejini kwa Zenobi nikipita naona baiskeli moja tu, magari hakuna. Napita polepole.

Kaka yako hakufurahi. Aliniambia, "Mama, mtu ana msiba." Nikamwambia mimi nilikuwa na msiba kabla yake.

Mpe bibi yako shikamoo yangu, mwambie dawa ya miguu naituma na basi. Msalimie mumeo, na mjomba wako anayetupalilia mikorosho, na shangazi yako wa Lusewa akifika. Ukikaribia kujifungua nipigie hata kama salio ni dogo, nitakuja.

Kila nikisali namwomba Mwenyezi Mungu mambo mawili, vidole vya Rashidi vikunjike, na mimi nipate moyo wa kumsamehe Zenobi. Hilo la pili nimemwambia asilifanyie haraka.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza,
Mama Rashidi