Shibiri Nne za Fundi Kahindi

Malindi, Jumatano, 1986. Mvua tangu alfajiri.

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa jina la Mungu, usimsomee mtu hata neno moja kabla sijapata moyo wa kulisema mwenyewe.

Leo nimesema uongo, na mtu amefukuzwa kazi kwa ajili yangu.

Mimi ni karani katika karakana ya viti vya henzirani, fito zile zinazolowekwa majini ndipo zipindwe. Fundi wetu Kahindi, mzee wa Ganda, alibuni viti sita vya nyumba mpya ya ufukweni. Ni vya mviringo kama vikapu, havina miguu, vinaning'inia kwenye boriti za dari. Sijapata kuona viti vizuri vile. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia mshonaji wa Mombasa vipimo vya mito ya kukalia.

Kahindi hupima kwa mkono. Aliniita kutoka uani, "Karani! Upana shibiri nne. Lakini njoo na futi yako upime, mwanangu. Ama waogopa viatu kuingia vumbi?"

Mafundi wakacheka.

Ni kweli, niliogopea viatu. Shuleni tulifundishwa kwamba shibiri ni inchi tisa, nikaandika thelathini na sita bila kuinuka kitini.

Kiganja cha Kahindi ni kama jembe.

Leo mito imefika. Kila mmoja unacheza ndani ya kiti kama punje ndani ya debe, na mwenye nyumba amevikataa viti vyote. Tajiri wetu akaniuliza mbele ya watu, "Ulipima mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana. Nilipima."

"Basi huyu mzee amevipanua baadaye. Kahindi, nenda zako!"

Nilingoja mzee anitukane. Akasema tu, "Karani akisema alipima, mimi nitasema nini? Yeye ndiye aliyesoma." Akakiviringisha kisu chake kitambaani, akatoka mvuani.

Sikumwita.

Baba, kule Matsangoni, hujisifu kwa watu kwamba mwanawe ni msomi. Laiti angeniona.

Barua ya tajiri nimekwisha kuiandika. Ina maneno mawili ya maana: sikupima, nilidanganya. Nitaiacha mezani pake asubuhi. Atakayenitaka baada ya hapo asinitafute ofisini. Aende Ganda, aulizie kwa fundi wa viti. Nitakuwa nje ya mlango wake, mpaka aniitikie shikamoo.