Kamera Iliyotupwa Katika Tangi la Maji ya Kunywa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwenye kamera (jina limehifadhiwa), mwanamume, umri miaka 68.
Kazi: mkaguzi mstaafu wa mitaro ya maji machafu, katibu wa kamati ya wapangaji.
Makazi: jengo la ghorofa nne nyuma ya soko, chumba namba 11.
Yameandikwa tarehe 19 Agosti 2019, kuanzia saa tatu na robo asubuhi.

Afande, kwanza naomba radhi. Nilipaswa kufika hapa siku sitini na tisa zilizopita. Nilinyamaza, wala sikunyamaza kwa kutojua.

Ninamiliki kamera ndogo ya kidijitali, ya rangi ya machungwa, ngumu, isiyoingiza maji. Niliinunua kwa ajili ya kazi. Nilikuwa nikiifunga kamba na kuishusha katika mitaro ambamo mtu hawezi kuingia. Imeanguka juu ya zege, imekanyagwa na toroli, imelala katika kinyesi cha mji mzima. Nikiisuuza, inafanya kazi. Kwa miaka ishirini na tisa nilitazama uchafu wa watu na sikuwahi kutapika.

Mnamo tarehe 8 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliniletea hati niitie sahihi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusafisha tangi la maji ya kunywa lililo juu ya paa la jengo letu, na hati ilisema amekwisha kulisafisha. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vikavu. Nilimwambia nitapanda nione. Akacheka: "Shemeji, na magoti hayo? Kushuka tutakufunga kamba kama hiyo kamera yako!" Nilipanda.

Juu ya paa nilifungua mfuniko, nikawasha kamera irekodi, nikaanza kuishusha. Shemeji akaidaka kamba, akaikata kwa kisu, kamera ikatumbukia. Akasema: "Basi, imekwisha. Nitakununulia nyingine. Umeme na maji havikai pamoja." Aliamini kwamba imekufa palepale. Ni mtu aliyezoea simu tu, hakujua nilichomiliki. Nilishuka ngazi kwa hasira.

Tarehe 10 Juni niliivua kwa waya wenye ndoana. Ilikuwa imerekodi dakika arobaini na saba, mpaka betri ilipokwisha. Nilitazama nikiwa mezani kwangu na kikombe cha chai. Kamera inazama ikipenya utando wa kijani, mzito kama kamasi. Chini kuna matope, njiwa watatu, mmoja akiwa bado na manyoya lakini macho hana, na panya aliyevimba. Kamera ilitua chali, ikitazama juu kwenye tundu la mwanga. Katika dakika ya sita nyayo mbili zinaingia majini. Shemeji alikaa ukingoni akaosha miguu, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akatema mate, akafunika. Dakika zilizobaki ni giza.

Chai ile niliipika kwa maji ya bomba. Nilitapika kwenye sinki, nikafungua bomba nisuuze, nikatapika tena.

Tarehe 11 Juni, saa nane mchana, mdogo wangu alikuja. Nilimwonyesha. Akageuza uso. "Kaka, nimeona, inatosha. Lakini ukimpeleka huyo polisi, wanangu wanne watakula hizo picha?" Akaapa kwamba mumewe atalisafisha tangi wiki hiyohiyo. Nikaitia hati sahihi. Hakulisafisha. Najua, kwa sababu tarehe 22 Juni niliishusha kamera tena, na njiwa walikuwa walewale.

Tangu hapo nilinunua maji ya chupa, nikayaficha chini ya kitanda ili nisiulizwe. Majirani walikinga maji bombani, wakanywa, wakaogesha watoto wao. Walinisalimu ngazini, nami nikaitikia. Nimekagua mitaro mingi, afande, lakini uchafu wa namna hiyo sikuwahi kuuona.

Tarehe 15 Agosti, fundi cherehani wa chumba namba 2, mama anayeniita Mzee Mitaro, alilazwa kwa homa ya matumbo. Tarehe 17 nilikwenda kumjulia hali. Pete yake ilikuwa imefungwa uzi isimdondoke kidoleni. Akaniambia: "Mzee Mitaro, jengo zima tunaumwa matumbo, wewe umenawiri tu! Unakunywa maji gani, utugawie na sisi?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Nilimwambia nitamjibu. Sikumjibu.

Ninakabidhi kamera, kadi yake na nakala ya hati yenye sahihi yangu. Ya shemeji ataeleza mwenyewe. Wale njiwa sikuwatia mimi tangini, lakini niliwaona, nikaweka sahihi juu yao. Mkishaamua kama nitasimama mbele ya hakimu nikiwa shahidi au mshtakiwa, nijulisheni. Siku hiyohiyo nitamwandikia yule mama barua, nimweleze nilikuwa nakunywa maji gani.

Nimesomewa maneno haya. Yote ni yangu, wala sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na kusomwa nami, yakamalizika saa nne na dakika hamsini. Kielelezo cha kwanza ni kamera moja ya rangi ya machungwa. Imejaribiwa, inafanya kazi. Afisa wa afya amepigiwa simu alifunge tangi leo hii. Shahidi alipewa glasi ya maji mara mbili. Mara zote mbili aliuliza yametoka wapi, akairudisha.