Aliulizwa Kama Pana Kaburi

Doha

Mama yangu,

Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi mwenye mimba, ameshazaa? Mimi ni mzima, ila roho inachemka na leo sitaificha. Kaka Owor akusomee barua hii yote, asiruke hata mstari.

Kazi yangu ni kupangusa vumbi katika jengo lisilo na dirisha hata moja. Ndani ni kompyuta tupu, zinanguruma kutwa, na baridi yake inanivalisha sweta mbili huku nje jua linachoma. Juzi nilikuta mafundi wameacha bomba la waya za intaneti sakafuni, la rangi ya machungwa. Lile lile lililofukiwa nyuma ya nyumba yetu, Mama! Nikamuuliza msimamizi wetu, Mkenya, linatoka wapi. Akasema, "Hupita chini ya ardhi, dada, nchi hadi nchi. Halimsumbui mtu." Halimsumbui mtu! Nilitamani kumtupia ndoo.

Nilikumbuka siku wapimaji wa njia ya waya walipokuja kwetu Mulanda. Njia yao ya kwanza ilipita kwenye tanuru la matofali la Baba mdogo. Akawasukumia kwetu, nyuma ya nyumba, walipolala Baba na Bibi. Makaburi yetu hatukuyajengea saruji. Mfenesi alioupanda Bibi ulitutosha kuwa alama. Mpimaji akauliza, "Mzee, hapa pana kaburi?" Wewe ulikuwa sokoni Nagongera. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ungo wa karanga. Nilipofungua mdomo, Baba mdogo akanikatiza: "Nyamaza, wewe ni mtu wa kuolewa. Hapa ni shamba tu." Akatia dole gumba kwenye karatasi yao: ndani ya ukanda ule hapachimbwi, hapajengwi, hapapandwi mti.

Mfenesi ukakatwa. Mtaro ukapita katikati ya Baba na Bibi. Sasa pana majani na vigingi vya saruji, na mlinzi mwenye pikipiki anayekagua kama kuna mtu amegusa udongo. Na wewe, Mama, uliyechagua mahali pako kando ya Baba, utalala wapi? Swali hilo ndilo linaloninyima amani huku.

Halafu Owor ananipigia simu: Baba mdogo anaumwa, hali si nzuri, anataka azikwe kando ya mama yake. Anaomba mimi ninayejua Kiingereza niwaandikie wenye waya wamruhusu. Mimi! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Si niliambiwa ninyamaze? Barua nimeandika, ndiyo, lakini ni ya kuombea mahali pako peke yako. Jina lake halimo. Najua utasema nisamehe, maana wewe ni mtu wa kanisa. Niombee, ila usinibembeleze.

Msalimie shangazi yangu wa Buhehe, mwambie sweta zake ndizo zinazonitunza huku. Msalimie mke wa Owor na mtoto wao mchanga ambaye bado sijamwona.

Sasa Owor, ukimaliza hapa, nenda ukaketi kando ya kitanda cha Baba mdogo, umsomee maneno haya kwa sauti:

Baba mdogo, uliulizwa kama pale pana kaburi, ukasema hapana. Basi neno lako limesimama. Na kaburi lako halitakuwepo pale.

Ni mimi binti yako, Mama,
Athieno