Buti Zisizo na Kamba

Tipley, 7 Oktoba 1979

Mwanangu Linval,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua tangu baridi ianze, na anauliza kama huko Harrowby unakula chakula au unashindia chipsi. Usimdanganye, atajua.

Habari ya kuitwa timu ya vijana ya Uingereza nimeisoma mara tatu. Mama yako amelitangazia kanisa zima. Mimi nilishuka melini hapa, mtu mweusi na koti la kuazima, na leo mwanangu anavalishwa jezi ya nchi yao! Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Sasa Jumamosi Harrowby yenu inakuja kucheza na sisi. Miaka kumi na tisa naishangilia Tipley, nimesimama pale pale nyuma ya goli na Reg na Norman wa kiwandani, na winga wa kutumaliza ndiye wewe. Shetani mkubwa! Wenzangu sijawaambia kwamba wewe ni mwanangu. Tangu siku ya kwanza pale kwenye tanuri la chuma waliniita Charlie, nikaitika, na jina letu la ukoo sidhani wanalijua. Ni watu wazuri, lakini midomo yao siku ya mechi unaijua mwenyewe.

Niachie tiketi kwenye dirisha la uwanjani, ya viti vya familia. Nitatoka zamu ya asubuhi nije moja kwa moja, na buti zangu za kazi hivyo hivyo.

Baba yako

*

Harrowby, 14 Oktoba 1979

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi mzima. Mwambie nakula.

Bahasha yako ya tiketi ilirudi mkononi mwangu. Mtunza jezi wetu aliniambia, "Mzee wako hakutokea, bwana mdogo." Nikasema labda zamu imerefushwa.

Kipindi cha pili nikaenda kupiga kona upande wenu. Jukwaa zima lilikuwa linalia kama nyani. Ndizi ikanipiga begani. "Rudi kwenu! Rudi kwenu!" Kwetu, Baba, ni mitaa minne kutoka kwenye kile kibendera cha kona. Nikainua macho, nikakuona katikati yao na skafu ya Tipley shingoni. Reg alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa imemtoka, mkono wake uko begani kwako.

Tukaangaliana. Kisha ukainama, na hukuinuka mpaka mpira ulipopigwa.

Niambie tu ulikuwa unafanya nini. Nitaamini utakachosema.

Mwanao, Linval

*

Tipley, 16 Desemba 1979

Mwanangu Linval,

Salamu. Sisi hatujambo. Mama yako amekuokea keki ya Krismasi na ameilowesha ramu kiasi cha kumlewesha mchungaji.

Barua hii nimeianza mara nyingi tangu Oktoba nikaichana. Siku ile nilichelewa, nikaona aibu kwenda kwenye viti vya watu na masizi usoni, nikajipenyeza pale ninapopajua. Ulipokuja kupiga kona nilikuwa nafunga kamba za viatu. Ni hilo tu. Usiliweke moyoni. Wale wanapayuka tu, Jumatatu wamesahau. Reg mwenyewe huniambia, "Charlie, wewe si kama wao, wewe wetu."

Nimesikia Kombe limetukutanisha tena, tarehe tano Januari. Niachie bahasha. Safari hii nitaichukua.

Baba yako

*

Harrowby, 3 Januari 1980

Baba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Keki imefika, wenzangu wameimaliza.

Jumamosi sitakuja. Nimemwambia meneja paja linauma. Haliumi. Ndizi nimezizoea, zinarushwa kila uwanja. Nisichokiweza ni kuinua macho pale na kukuona tena.

Baba, buti zako hazina kamba. Zimetengenezwa hivyo ili chuma cha moto kikiingia mtu azitupe haraka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuvua mimi buti hizo kila jioni, tangu nikiwa na miaka sita mpaka nilipoondoka.

Linval

*

Tipley, 7 Januari 1980

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima. Barua yako imenifikia leo, Jumatatu. Ungeiandika siku moja kabla, ningebaki nyumbani.

Umesema kweli, hazina kamba. Niliinama ili wasijue kwamba wewe ni wangu. Nimekaa na jambo hili miezi mitatu na linanila.

Juzi nilivaa skafu ya Harrowby aliyoifuma mama yako, nikaenda kusimama mahali pangu. Norman akacheka, "Charlie, leo umevaa gizani? Hiyo skafu si yetu." Kipaza sauti kikasoma majina, lako halimo. Reg akasema, "Nyani wao ameogopa." Nikamwambia, "Huyo ni mwanangu. Anaitwa Linval, na mimi naitwa Cuthbert."

Reg hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Tunajua. Gazeti lilitoa picha yake na mama yake tangu Septemba. Kiwanda kizima kinajua." Norman akaongeza, "Ulikuwa husemi kitu, tukadhani huna neno." Alisema kwa upole, Linval, kama mtu anayenipa pole.

Nikatoka. Pale sirudi tena.

Lakini nataka ujue pia lililotangulia. Kabla ya mechi nilipita dirishani. Nilikuwa nimeoga, nimevaa suti ya kanisani. Nikamtajia binti wa tiketi jina lako, nikasema, "Mimi ni baba yake." Nilisema kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Akatafuta bahasha kwenye sanduku. Akaniangalia, akatafuta tena moja moja, kisha akasema, "Samahani, mzee, hakuacha kitu."

Baba yako